Nusu ya Goneri

Nyuzi tatu zilikwisha kufumuliwa. Yeun Kervern aliingiza ncha ya kisu chini ya uzi wa nne, akauinua kidogo, akasita. Ulikuwa uzi wa katani uliopakwa nta, na chumvi ya msimu mzima ilikuwa imeukaza mpaka ukawa mgumu kama waya. Godoro lilikuwa limetandazwa mezani mbele yake, tupu, limebonyea katikati. Makapi ya shayiri yaliyokuwa ndani yake alikuwa ameyamwaga uani tangu asubuhi, na kuku wa jirani walikuwa wakiyachakura bila kupata kitu.

"Wa nne huo?" Azilis aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Wa nne."

"Hongera. Tangu mwezi wa tisa hata uzi mmoja kwa mwezi haujafika. Ukimaliza mshono huo mimi nitakuwa kaburini, nawe utakuwa na ndevu za nabii."

Yeun aliendelea kuuchokonoa uzi. Azilis alikuwa dada yake mkubwa. Hakuwahi kuolewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Majira ya baridi yote alikuwa akishonea duka moja la Paimpol nguo za watoto wa matajiri: nguo za kibaharia zenye kola pana ya buluu na ukanda mweupe. Siku hiyo zilikuwa zimemzunguka kila upande, kwenye viti, kitandani, hata juu ya kabati, zimenyoosha mikono kama watoto waliochoka kucheza.

"Matelo kumi na wawili nimeshona wiki hii," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kutapika baharini."

Matelo ni neno la Kifaransa, na maana yake ni baharia tu. Lakini kwenye ufuko ule wa Bretania lilitumwa kazi nyingi kama kisu cha mfukoni. Nguo aliyoshona Azilis iliitwa matelo. Mchuzi wa mkunga uliopikwa kwa divai ya tufaa na vitunguu uliitwa matelo. Merikebu iliyokufuata nyuma kwenye safari ya Aislandi ilikuwa matelo wako wa nyuma, na iliyokutangulia ilikuwa matelo wako wa mbele. Juu ya yote hayo, matelo alikuwa mtu uliyechangia naye kitanda.

Katika merikebu za kuvua chewa vitanda vilikuwa vichache na watu wengi, kwa hiyo kila kitanda kilipewa watu wawili, wasilale pamoja hata siku moja. Mmoja alisimama ukingoni na mshipi wake saa sita nzima, mwenzake amelala. Kisha walibadilishana: aliyeamka alipanda sitahani, na aliyeteremka aliingia kwenye joto aliloachiwa. Miezi sita mtu hulala katika joto la mwenzake. Ndugu wa tumbo moja hawakujuana zaidi ya hapo.

Godoro lao lilikuwa na desturi yake. Kila nyumba ilitoa nusu ya kitambaa, na wanawake waliziunga nusu hizo kwa mshono mmoja wa katikati. Siku matelo wawili wakiachana, mshono hufumuliwa. Haukatwi, hata kwa haraka ya namna gani. Na kama kilichowaachanisha ni kifo, aliyebaki hufumua mwenyewe, huifua nusu ya marehemu, huipeleka kwa mjane, na huko humsimulia zamu ya mwisho. Wengine wote waliokuwemo chomboni hufunga midomo mpaka yeye aseme.

Nusu ya Yeun ilikuwa na mistari ya buluu. Nusu ya pili ilikuwa ya rangi ya kahawia, imefumwa nyumbani kwao Maharit, mke wa Goneri, matelo wa Yeun. Goneri alichukuliwa na bahari mwezi wa tano. Merikebu yao, Adela, ilirudi mwezi wa tisa. Sasa ulikuwa mwezi wa pili, Adela ilibakiza siku tatu kung'oa nanga, na Yeun alikuwa bado kwenye uzi wa nne.

Mlango ulisukumwa, akaingia Tangi, jitu la miraba minne, amebeba kitambaa kilichokunjwa kwapani. Yeye naye alikuwa mvuvi wa Adela.

"Hodi wenyewe."

"Watu hupiga hodi kabla ya kuingia," Azilis alisema. "Futa miguu. Usikalie matelo wangu."

"Dada Azilis, hata mimi ni matelo na hujawahi kunionea huruma hivyo." Alitafuta kiti, akakosa, akabaki amesimama. "Leta sufuria ya matelo basi, hiyo nitaikalia bila kuikunja."

"Wewe tumbo lako lina sikio kila upande."

Tangi alicheka, kisha akaliona godoro. Kicheko kikamfia mdomoni. Alikiweka kitambaa chake pembeni mwa meza taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nahodha amesema kila mtu ampelekee jina la matelo wake kesho kabla ya maji kujaa. Nimeleta nusu yangu."

"Nani alikuita?" Yeun aliuliza.

"Nimejiita. Mwenzangu wa mwaka jana kapata kazi kwenye mnara wa taa, kaniacha kama mjane." Aliuma ulimi. "Nisamehe. Nataka kusema, sina mwenzangu, na wewe huna."

"Unakoroma, Tangi."

"Mimi? Sikoromi."

"Ng'ombe wetu hakutoa maziwa," Azilis alidakia, "ile Krismasi uliyolala zizini."

"Nikikoroma Yeun atakuwa juu anavua! Ndiyo uzuri wa mpango wenyewe, dada. Hatutakutana."

Yeun naye alitabasamu, kidogo. Kisha akainuka, akamwashiria Tangi watoke. Walisimama uani karibu na rundo la makapi. Upepo ulikuwa unatoka baharini na ulichoma masikio.

"Unajua yote yaliyotokea," Yeun alisema. "Na bado unaleta nusu yako?"

"Kila mtu wa Adela anajua. Tunakungoja tu." Tangi aliyageuza makapi kwa ncha ya kiatu cha mti. "Sisi hatuwezi kukusemea, Yeun. Lakini watu wa ile merikebu nyingine hawajafungwa na kitu."

Alikuwa akisema juu ya matelo wao wa nyuma, merikebu iliyowafuata msimu wote, ambayo watu wake walishusha mashua siku ile wakamtafuta Goneri nusu siku ndani ya ukungu.

"Wanasema nini?"

"Wanasema Goneri alikuwa amelewa. Wanauliza: mtu ambaye ni zamu yake ya kulala, anatafuta nini ukingoni? Na walipopanda kwetu walisikia harufu ya konyagi kitandani kwenu. Wamejumlisha wenyewe." Tangi alishusha sauti. "Mke wangu anasema Maharit akifika kwenye dimbwi la kufulia, wanawake wananyamaza. Na kasisi alimuuliza kwa upole kama kibao cha jina la Goneri, kwenye ukuta wa makaburi wanapoandikwa waliopotea baharini, hakiwezi kungoja kidogo."

Yeun alijikuta bado ameshika kisu. Alitazama viganja vyake. Makovu yalizunguka vifundo vya mikono yote miwili, mekundu, mviringo, pale ambapo mkono wa koti la turubai lililopakwa mafuta husugua ngozi iliyolowa chumvi. Wavuvi waliyaita maua ya Aislandi.

Miezi mitano hii alikuwa akijiambia kwamba anamhurumia Maharit. Anamwacha apoe. Hakuna haja ya kuchokonoa. Alikuwa mtu wa utaratibu, anayepima mbao mara tatu kabla ya kukata, na kungoja hakukuwahi kumtia hasara. Sasa aliona kuwa alipokuwa akingoja, kungoja kwenyewe kulikuwa kunafanya kazi, kama maji chini ya nguzo.

Aliingia ndani, akalikunja godoro na mshono wake, akalitupa begani.

"Unakwenda wapi?" Azilis aliuliza. Cherehani ilisimama.

"Kwa Maharit."

"Na hilo halijafumuliwa? Halijafuliwa? Utapita kijijini umelibeba hivyo mchana kweupe? Watu watasema nini, mdogo wangu?"

"Wamekwisha kusema," Yeun alijibu, akatoka.

Nyumba ya Maharit ilikuwa ya mwisho kabla njia haijateremka ufukoni. Yeye alikuwa mlangoni, na mlangoni hapohapo alikuwa amegongomea mkunga mkubwa, msumari umepita kichwani, mwili wake mrefu unaning'inia. Alikuwa amekwisha kuuchanja shingo. Mikono yake ilikuwa na majivu, ngozi isiteleze, na alikuwa akiivuta kwa nguvu zake zote bila mafanikio. Binti yake, Enora, alikuwa bado shuleni kwa masista.

Alimwona Yeun, akaliona na godoro. Hakusalimu.

"Shika mwili, shemeji," alisema. "Huyu kakataa kuvuliwa nguo."

Yeun aliliweka godoro juu ya ukuta mfupi wa mawe, akachota majivu, akashika. Walivuta pamoja. Ngozi iliachia kidogo ikakwama tena.

"Kaka yangu kaniletea," Maharit alisema. "Nikasema leo nipike matelo. Goneri alikuwa akiupenda na vitunguu vingi. Sijaupika tangu alipoondoka. Enora anaweza kusahau ladha ya nyumba yao." Alipumua. "Umekuja na godoro zima. Mimi nilidhani utaniletea nusu, au usilete kitu."

"Nimeshindwa kulifumua."

"Naona."

"Nimeshindwa kwa sababu nikimaliza nitalazimika kusema. Sasa nimekuja kusema kwanza."

Maharit hakuiachia ngozi ya mkunga. "Sema."

Yeun alisema akiwa ameshika samaki, na pengine ilimsaidia, maana macho yalikuwa na pa kutazama.

"Haikuwa zamu yake. Ilikuwa yangu. Wiki ile mikono yangu ilivimba mpaka vidole havikunjiki, usaha unatoka hapa na hapa. Goneri alimaliza saa zake sita, akashuka kuniamsha. Amelowa, ana njaa, yuko tayari kulala. Akaishika mikono yangu akaitazama. Kila mtu alipewa kikombe chake cha konyagi. Chake alikuwa hajakigusa. Akanimwagia chote mikononi, kusafisha vidonda. Nikapiga kelele, yeye akacheka. Akasema, 'Unalia kama Azilis akipoteza sindano.' Akanifunga kwa shali yake. Akasema, 'Lala, nitakushikia zamu.'"

"Shali ya kijani?"

"Ya kijani."

"Endelea."

"Nilimkatalia mara moja. Mara moja tu, Maharit. Kitanda kilikuwa na joto. Nikalala." Alibadilisha mshiko kwenye samaki. "Kule mwezi wa tano hakuna giza, lakini kulikuwa na ukungu. Lilikuja wimbi la ubavuni. Wenzetu walisema alikuwa na chewa kwenye mshipi na hakutaka kumwachia. Tangi ndiye aliyeniamsha. Nilipoweka mkono kwenye godoro, lilikuwa na joto langu peke yangu. Tangu nianze kwenda Aislandi sikuwahi kuamka hivyo."

Chini ufukoni mtu alikuwa akigonga mbao, akipumzika, akigonga tena. Maharit aliivuta ngozi, na safari hii ikaja yote kwa mkupuo mmoja, mpaka mkiani, ikabaki mkononi mwake kama soksi ndefu iliyolowa. Aliiangalia kana kwamba hajui ameitoa wapi.

"Alikuwa amekula?" aliuliza.

"Alikula kabla hajapanda tena. Biskuti na supu ya vichwa. Alisimama palepale karibu na kitanda akala, nikamsikia anatafuna."

"Na alikuwa hajanywa."

"Hata tone. Harufu ile waliyoisikia ilikuwa ya mikono yangu."

Maharit aliitundika ngozi kwenye ukuta, akajifuta majivu kwenye aproni, akakaa kwenye kizingiti. Yeun alibaki amesimama kando ya mkunga aliyevuliwa, mweupe, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Zamu sina neno nayo," Maharit alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimuumiza Yeun kuliko kelele. "Zamu alikupa mwenyewe. Ninamjua. Angempa hata mwizi. Ungeniambia mwezi wa tisa, ningelia, ningekutukana labda, kisha ningekukaribisha supu. Lakini miezi mitano, shemeji! Napita mlangoni pako nakwenda misa, wewe unainama unafunga kiatu ambacho hakina kamba."

"Ndiyo."

"Mwanzoni walipokuwa wananyamaza kule dimbwini, nilikuwa nasema moyoni, waongo hawa. Mwezi wa kumi na mbili nikaanza kusema, labda. Umesikia? Nikalala usiku nakumbuka kila harusi aliyokunywa kidogo, nahesabu. Mume wangu amekufa, nami namhesabia vikombe." Aliinua uso. "Hilo ndilo sitakusamehe upesi. Ulikaa kimya mpaka nikamtilia shaka."

Yeun alikubali kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, kwa kilio, hata kwa kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa, na alilipokea kama mtu anayepokea mzigo wake wa haki.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Desturi inasema unaifua nusu yake kabla ya kuileta."

"Nitaifua leo nyumbani."

"Hapana. Utaifua kesho asubuhi. Kwenye dimbwi."

"Maharit, kule ni kwa wanawake. Mwanamume hakanyagi kule."

"Utakanyaga. Utapiga magoti kwenye jiwe kama sisi, na sabuni, na gongo la kufulia, wakiwepo wote, na yule mke wa nahodha wa ile merikebu nyingine akiwepo. Watakucheka. Watakuuliza umeolewa lini. Waache wacheke mpaka wachoke, kisha usimulie. Yote. Na konyagi, na shali, na kile ulichokataa mara moja tu."

Yeun alifikiria. Aliwaona wanawake wale wamejipanga, mikono mekundu kwa maji ya mwezi wa pili, ndimi zimenolewa. Kwenye dhoruba aliwahi kupanda mlingoti bila kuambiwa mara mbili. Mlingoti ulikuwa rahisi kuliko hili.

"Nitakwenda," alisema.

"Basi lete huo mshono. Nusu yake haiwezi kufuliwa ikiwa imeungwa na madoa yako."

Walilitandaza godoro magotini, yeye kizingitini na Yeun juu ya ndoo iliyopinduliwa, mshono katikati yao. Yeun alianzia pale alipoachia, kwenye uzi wa nne. Maharit alitoa sindano nene kwenye ukosi wake akaanzia mwisho wa pili. Walizungumza mambo ya kazi tu.

"Huyu aliyeshona hapa alikuwa na hasira."

"Azilis."

"Ndiyo maana. Mafundo mawili kila hatua." Alivuta, akapuliza vumbi la makapi. "Nani analeta nusu mpya?"

"Tangi."

Kwa mara ya kwanza mdomo wa Maharit ulilegea upande mmoja. "Maskini chewa. Watakimbia sauti hiyo mpaka Greenland." Akaigeuza sindano. "Anajua?"

"Anajua yote. Alikuja hivyohivyo."

"Ni mtu mwema, Tangi." Alifumua nyuzi mbili kabla ya kuendelea. "Ukiumwa mikono tena, mwambie nahodha. Usiumwe kimya. Wewe ugonjwa wako ni kimya."

"Sawa, shemeji."

Enora alikuja akikimbia, viatu vya mti vikigonga njia, akamwangalia mkunga, akaliangalia godoro, akauliza kama Yeun amekuja kulala kwao. Maharit akamwambia aingie akamenye vitunguu. Kisha jua likaingia nyuma ya mawingu ya baharini, na uzi wa katani na kitambaa cha kahawia vikawa rangi moja. Yeun alitoboa kidole.

"Acha," Maharit alisema. "Utaichana nusu yangu bure."

Kilibaki kipande cha mshono kama urefu wa mkono mmoja, katikati kabisa. Yeun alipapasa akaona bado kimeshikilia imara.

"Kesho alfajiri nitakuja tumalizie, kabla ya dimbwi."

"Njoo na sabuni yako. Yangu imekwisha." Maharit aliinuka, akamtoa mkunga msumarini, akasimama naye mikononi. "Karibu chakula sikukaribishi leo. Kesho, ukishafua, tutaona kama umebaki mchuzi."

Yeun alikichomeka kisu chake kwenye mshono, pale alipofikia, ili kesho wasipapase kutafuta mahali. Aliliacha godoro kwenye kizingiti, akapanda njia kurudi nyumbani mabega matupu. Nyuma yake alisikia mtoto akilalamika kwamba vitunguu vinamchoma macho, na mama yake akimwambia amenye vingine viwili.